Foleni ya Maji Yasiyokuwepo

Watoto wa kwanza walioletwa kwangu walikuja wamevaa nguo za kanisa. Nilikuwa nimetandika mkeka wa plastiki katika chumba cha nyuma cha kanisa moja la mabati kule Lindi, ndani ya Kibera, nikapanga wanasesere, magari, sufuria ndogo, beseni la mchanga na vipande vya mpira wa bomba, kisha nikakaa kuwangoja waje wavuruge. Wakaja wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, soksi nyeupe, mmoja na tai. Mama zao walikuwa wamewaonya njia nzima: usichafuke, usiguse vitu vya watu, usimsumbue madam. Basi wakakaa kwenye ukingo wa mkeka, mikono mapajani, wakanitazama. Nami nikawatazama. Muda wetu wote ukaisha tukitazamana kama watu waliokuja kuposa.

Nilirudi nyumbani Kawangware nimefura. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijui kuzificha, na mwenye ploti tunamopanga vyumba anazijua vizuri kwa sababu yeye ndiye hukutana nazo langoni. Ni mama mtu mzima ambaye familia yao ilikuwa ikilima hapo kabla Kawangware haijawa Kawangware. Nilipomweleza yaliyonipata, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Si umewaambia wewe ni kama daktari?" akaniuliza. "Sasa nani ataenda kwa daktari na nguo chafu? Hata mimi ningeoga."

Kesho yake alinigongea mlango akanipa gunia la fulana kuukuu za wajukuu wake. Nikalipeleka Lindi, nikapigilia misumari ukutani, na tangu siku hiyo mtoto akifika anavua za kanisa, mzazi anazitundika, anavaa fulana inayomfika magotini, anaingia. Baada ya hapo shida yangu ikawa moja tu: kuwatoa muda ukiisha.

Kazi yangu ni tiba ya michezo. Nikisema hivyo watu hudhani ninafundisha mpira, au nimefungua kituo cha kulea watoto kisicho na uji. Mwenye ploti aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa kama kweli nilisomea kucheza. Nilisomea, na si rahisi. Mtu mzima akiwa na jambo moyoni humtafuta wa kumwambia, au anafoka, au anaenda kunywa. Mtoto wa miaka saba hana maneno ya kutosha. Ana mwanasesere na mchanga. Anamzika mwanasesere, anamfukua, anamzika tena, na ukikaa karibu naye bila kumhoji kama polisi, unaanza kuelewa anachokuambia. Kwa hiyo mimi simfundishi, simwamrishi, simsifu hata. Yeye ndiye anayeongoza, mimi nafuata, nasema tu ninachokiona: "Umemfunika mtoto." "Gari limekwama." Kwa mtu aliyezaliwa na mdomo kama wangu, hiyo ni kazi ya jasho.

Ndipo akaletwa msichana mmoja wa darasa la pili. Aliyemleta ni nyanya yake, mwanamke mwembamba wa Kitui anayeishi Mashimoni, hapo hapo Kibera, na kuuza ndengu na kunde mlangoni pa chumba chake. Msichana alimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya, nami nikamwita vivyo hivyo, kwa sababu mimi pia ni Mkamba. Ila ni wa Machakos, nimezaliwa Kawangware, na Kikamba changu kina mapengo. Susu aliyaona mapengo hayo kwenye salamu ya kwanza tu, akanisikitikia.

"Si makosa yako," aliniambia. "Nyinyi wa Machakos mlichanganyikiwa kitambo."

Kisha akanieleza kilichomleta. Mama wa mtoto, yaani binti yake, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Kila Jumapili hupiga simu. Mwanzoni msichana alikuwa akiinyakua simu kabla haijalia mara ya pili. Swali lake lilikuwa lilelile, mama utakuja lini, na jibu lilelile, mwezi ujao. Mwezi ujao ukaja, ukapita, ukaitwa tena mwezi ujao. Siku moja simu ilipolia msichana akaingia chini ya kitanda, akashika mguu wa kitanda kwa mikono miwili, akakataa kutoka. Tangu hapo kila Jumapili ni hivyo. Mama yake huko aliko hubaki akisikiliza kelele za ploti, akilia.

"Anakula, analala, shuleni hana neno," Susu akasema. "Ni simu tu. Shule zikifungwa nitampeleka Kitui kwa mjomba wake, akae huko. Huko network ni mpaka upande kilima, kwa hivyo hakuna simu ya kukimbia."

Niliogopa niliposikia hilo. Nilimwona yule mtoto akizoea kukaa bila sauti ya mama yake, na mama akizoea kutopiga, na miaka ikipita hivyo bila mtu yeyote kukosea. Nilitaka aongee na mama yake kabla shule hazijafungwa. Lakini katika kazi hii huwezi kumshika mtoto mkono ukamwambia haya, ongea. Nikavuta pumzi, nikamfungulia pazia la mlango wa chumba.

Aliingia, akavaa fulana, akazunguka chumba chote akikagua vitu kama askari wa jiji. Kisha akalaza ubavu sanduku la kubebea vitu vya kuchezea, akachomeka kipande cha mpira kwenye tundu lake, akakaa nyuma.

"Hii ni kioski ya maji," akasema. "Wewe ni kastoma. Leta mtungi."

Nikaleta kopo la siagi.

"Weka kwa laini."

Anayeishi Mashimoni anaijua sheria hii kabla hajajua kusoma. Bomba likikauka, mtungi wako ndio unaopanga foleni badala yako. Unauacha pale, unaenda kufua au kuuza, na hakuna wa kuusogeza, maana ukimrukia mtu laini utaaibishwa mpaka na watoto. Msichana akaweka mbele ya kopo langu wanasesere wawili, lori, na simba wa plastiki asiye na mguu mmoja. Akawauzia wote, taratibu, akipokea vifuniko vya soda. Ilipofika zamu yangu akaukunja mpira.

"Imeisha. Rudi kesho."

Wiki iliyofuata nikaja na kopo langu. "Nimerudi."

"Nilikuambia kesho."

"Leo ndiyo kesho uliyosema."

Akanitazama kwa huruma. "Hapana. Hii ni leo."

Wiki nyingine tena akaongeza watu mbele yangu, hata kijiko kikapata nafasi. Nikasema kwa ile sauti tuliyofundishwa, "Naona maji yameisha tena."

"Ni kweli."

"Mwenye kopo anashangaa."

"Ashangae."

Nitasema ukweli: nilianza kuzichukia siku za kwenda Lindi. Mtu mzima, na vyeti vyangu, nimesimama na kopo la siagi, nanyimwa maji yasiyokuwepo, huku simba wa plastiki akipewa mara mbili. Na kibaya zaidi ni kwamba kila wiki nilipovuka reli kuingia Kibera nilikuwa na tumaini. Nilijiambia, leo labda atanipa.

Sisi tunaofanya kazi hii kila mmoja ana mtu wa kumsikiliza, ili tusibebe mambo ya watoto peke yetu. Wangu ni muuguzi mstaafu anayeishi Kawangware, nyuma ya soko, mwanamke mpole anayependa chai yenye tangawizi ya kuchoma koo. Nilimwendea nikamwaga moyo wote. Nilimwambia huyu mtoto ananidharau. Nilimwambia na habari ya simba. Alicheka akavua miwani akaifuta.

"Sawa," akasema. "Ukiwa kwa hiyo laini unasikiaje?"

"Nasikia hasira! Najiona mjinga. Kila wiki nabeba kopo langu nikiamini leo ndiyo leo, na nikifika naambiwa kesho, na yeye hata haoni kama..."

Muuguzi alichukua birika. Akanimiminia chai, akanisukumia sukari, akaniacha nijisikilize. Mtoto yule hakuwa na maneno ya kuniambia jinsi inavyouma kungoja mtu anayesema mwezi ujao. Basi akanipa kopo na kunisimamisha kwenye foleni mpaka nikaumia mwenyewe. Nilitamani kulia, na papo hapo nikafurahi sana, kwa sababu kumbe tulikuwa tukiongea muda huu wote.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Kuna anayejua mchezo huo kuliko wewe. Muulize yeye."

Yaliyofuata Susu ameniruhusu niyasimulie, yeye na binti yake pia, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu na nisiseme kwamba Susu alipiga kelele. Jina sitataja.

Nilifika, nikapanga laini, maji yakaisha. Kabla sijafungua mdomo kama mteja, nikainama kando ya sanduku nikamnong'oneza, kwa sauti yangu mwenyewe, "Kastoma afanye nini sasa?"

Alifikiri. Akanong'ona pia, "Akasirike. Lakini asinipige."

"Akasirike kidogo ama sana?"

"Sana."

Jamani, hakuna siku niliyowahi kupewa ruhusa tamu kama ile. Nikasimama, nikaligonga kopo chini.

"Nimechoka! Kila siku kesho, kesho, kesho! Nimeacha kazi zangu, nimeshinda hapa na jua, nikifika mbele mnaniambia kesho! Mimi nataka maji!"

Msichana alinitazama macho yakiwa makubwa, na mdomo wake ukaanza kucheka pembeni. Hapo hapo pazia likang'oka.

Ni Susu. Kumbe wiki iliyopita alikuwa amesikia kupitia pazia kwamba mjukuu wake ananinyima maji, na hakulala vizuri. Susu ni wa Kitui, mahali ambapo watu hutembea asubuhi nzima kufuata kisima, na mgeni akifika mlangoni hupewa maji kwanza ndipo aulizwe ametoka wapi. Kumnyima mtu maji, hata kwa mzaha, kwake ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo siku hiyo alikuwa amekuja na mtungi mzima wa maji ya kweli mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, ameubeba kutoka Mashimoni ili aniombe msamaha. Na alipofika nje akanisikia nikipiga kelele kwamba nataka maji.

"Woi! Madam, pole! Maji ndiyo haya!" Akautua mtungi katikati ya mkeka, lori likaruka. Akamgeukia mjukuu wake. "Wewe! Unamnyima mtu maji? Umefunzwa wapi hiyo? Mpe! Mpe sasa hivi!" Halafu na mimi nikapata sehemu yangu: "Na wewe Mkamba gani, unanyimwa maji wiki baada ya wiki unanyamaza?"

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimemweleza Susu mara nyingi kwamba pazia likifungwa mtu mzima haingii. Mchezo niliousubiri siku zote ulikuwa umefunguka dakika hiyo hiyo, na sasa umekanyagwa na mtungi. Nilifungua mdomo nimtoe nje, kwa heshima au pasipo heshima. Lakini msichana alinitangulia.

"Susu," akasema kutoka nyuma ya sanduku, "panga laini."

"Ati nini?"

"Usiruke laini. Kuna mtu mbele yako."

Na Susu, ambaye ameishi Mashimoni miaka mingi kuliko umri wangu, ambaye hajawahi kumrukia mtu foleni maishani, akanyamaza. Akatazama kopo langu. Akatazama huku na huku, akaokota kikombe cha plastiki, akaja akasimama nyuma yangu. Maji ya kweli yalikuwa miguuni pake, na yeye amepanga laini. Niliuma mdomo nisicheke.

Msichana akawauzia wote, simba akiwa wa kwanza. Kisha akaukunja mpira. "Imeisha. Rudini kesho."

Nikaanza, "Nimechoka..."

"Kesho gani!" Susu akanikata. Sikuamini masikio yangu. "Juzi ulisema kesho! Jana ukasema kesho! Unatudanganya! Mimi ni mzee, miguu inauma, nangoja tu, kila siku nangoja! Kila Jumapili nangoja!"

Alipotamka Jumapili alijisikia mwenyewe. Akashika mdomo.

Msichana hakucheka tena. Alikaa akiuzungusha ule mpira vidoleni. Nilitaka kusema jambo, nikajikaza, kwa mara ya kwanza labda tangu nizaliwe.

"Mwenye kuuza hajui," akasema mwishowe, polepole. "Maji inatoka mbali. Yeye hajui itakuja lini. Anasema kesho ndio watu wasikasirike."

"Hajui maji yatakuja lini," nikarudia.

Akatutazama, mimi halafu Susu. "Akisema sijui, si mtalia?"

Aliyejibu ni Susu. Alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye mkeka, kikombe bado mkononi.

"Tutalia," akasema. "Tutalia kabisa. Halafu tutaenda nyumbani tupike."

Msichana akaufungua mpira wake, akauchungulia ndani, akauweka chini.

"Basi mimi sijui," akatuambia. "Sijui itakuja lini."

Tukasema asante. Susu alilia, mimi nikalia, na muda ulikuwa umekwisha, na mtoto wa saa inayofuata alikuwa amekwisha kuvua viatu nje na kuchungulia. Aliona wanawake wawili wazima wanafuta machozi karibu na mtungi. Akamwuliza mama yake kwa sauti kama ni lazima aingie.

Nilingoja Alhamisi iliyofuata, siku yake ya kuja, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Walichelewa. Nikatoka mpaka kwenye mlango wa kanisa, nikarudi, nikapanga magari ambayo yalikuwa yamepangwa. Walipofika, msichana alinipita akaenda moja kwa moja kwenye msumari wa fulana, akaingia, na kabla sijamfuata nikamsikia akimpikia simba chakula. Kioski hakukigusa. Susu alinishika mkono akanivuta pembeni. Kitui, akaniambia, wataenda kusalimia tu, warudi shule zikifunguliwa. Kisha akanihadithia Jumapili yao, akiigiza sauti zote mbili.

Simu ililia wakiwa wanakula. Susu alisema aliweka kijiko chini akatazama kitanda. Msichana naye alikitazama kitanda. Kisha akafuta mikono kwenye gauni, akaichukua simu, ile ya kuonana uso, akaishika karibu sana hivi kwamba mama yake alikuwa akiona sikio tu.

"Mama, utakuja lini?"

Kikasikika kilio, halafu sauti ikasema, "Mwezi ujao, mama. Mwezi ujao."

"Hapana. Kama hujui sema hujui."

Susu alisema hapo alitaka kuinyakua ile simu, kwa jinsi mtoto alivyoongea na mzazi wake. Lakini mikono ilikataa. Na mama, huko mbali, akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Sijui. Mtoto wangu, sijui nitakuja lini." Akaanza kulia kweli, kilio chake cha miezi yote hiyo.

Msichana hakukimbia. Aliisogeza simu kutoka kwenye sikio, akaitazama, akamngoja.

"Lia tu," akamwambia. "Mimi niko hapa. Ukimaliza nitakuonyesha mahali jino limetoka."

Wakaongea juu ya jino, na jipya linalochungulia, na nani kamwibia nani kalamu shuleni, mpaka bando ya mama ikaisha, simu ikakatika katikati ya neno. Susu akadhani sasa ndipo ataingia chini ya kitanda. Msichana aliitikisa simu, akaigeuza, akaja nayo akaisimamisha mbele ya uso wa nyanya yake.

"Susu," akasema, "mpigie wewe. Hajaona jino vizuri."